Kamati ya Kutesa Karoti

Tarehe 9 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kuwa umenikataza kupiga simu, eti kwenye simu nasema "mzima" halafu nakata. Basi sasa kwa maandishi: mzima. Kikohozi kimekwisha. Dirisha la chumba nilichopanga bado halifungi, na mama mwenye nyumba bado anaamini mimi ni nesi. Kila Jumapili ananionyesha magoti yake. Nimechoka kukanusha. Juzi nilimwambia ayapumzishe, yakapona, na sasa ameniletea jirani.

Wewe hujambo? Mgongo je? Ile mashine ya kufulia uliyosema inatembea yenyewe mpaka mlangoni, mmeifunga kamba?

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa, ukasema nisikudanganye kwa maneno ya shule. Natunza karoti. Si karoti nzima. Kuna karoti za zambarau, zambarau mpaka moyoni. Tulichukua kipande kama punje ya mchele, tukakiweka kwenye chakula safi ndani ya chupa ya kioo, kikasahau kwamba ni karoti. Hakina mzizi wala jani. Ni seli tupu zinazoongezeka ndani ya maji, kama rojo yenye uhai. Chupa zinakaa juu ya meza inayotikisika mchana kutwa ili kila seli ipate hewa. Kazi yangu ni kuzifanya zitoe ile rangi, ikamuliwe, itiwe kwenye peremende za watoto badala ya rangi za kiwandani.

Tatizo ni kwamba ni nyeupe. Nyeupe pe.

Na sababu yake inaninyima raha. Seli ikishiba haitengenezi rangi. Ya nini? Inanenepa, inagawanyika, basi. Rangi inatoka inapobanwa: uipunguzie naitrojeni, yaani kile kinachojenga mwili, uizidishie sukari, uiweke kwenye ubaridi na taa kali isiyozimwa. Hapo ndipo inapojihami kwa zambarau.

Mkuu wa maabara, ambaye tunamwita Mkuu tu naye anapenda, ameshawaahidi wafadhili kwamba wakija mwishoni mwa Mei wataona zambarau. Wasipoiona, chumba chetu wanapewa watu wa uyoga, nami narudi nyumbani na shahada yangu kwenye bahasha. Kwa hiyo ameunda Kamati ya Mateso. Jina ni lake. Katibu ni mimi. Kikao cha kwanza kizima tulijadili kama mateso yaanze kabla ya chai au baada ya chai.

Kuna jambo lingine nataka kukuuliza, la mimi na wewe. Lisubiri kidogo.

Bintiyo,
Maswali


Tarehe 3 Februari

Maswali, mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika imelowa, nikaianika kwenye kamba katikati ya soksi za meneja wa benki. Imekauka vizuri kuliko soksi.

Mgongo upo palepale nyuma. Mashine tuliifunga kamba, sasa inatembea na kamba. Mama Pacha hapa jirani amejifungua tena, mtoto mmoja, na watu wanamwuliza mwingine yuko wapi. Yule fundi saa wa kona bado analeta shati kila siku. Shati moja tu. Na kila siku anachelewa kulichukua. Nikamwambia, "Wewe baba, saa zote hizo ukutani kwako hazikwambii kitu?" Akanijibu, "Kila moja inasema lake, mama. Nami sipendi kuzigombanisha." Nikamkunjia shati upya, na lilikuwa limeshakunjwa.

Kazi yako nimeielewa na sijaielewa. Mimi udobi wangu wote ni kuondoa rangi. Wino, damu, mafuta ya gari, mdomo wa mtu kwenye kola ya mume wa mtu. Nimekusomesha kwa kutoa madoa, na wewe umekwenda mbali huko kulipwa ili uyatengeneze. Sawa. Mungu ana mzaha wake. Lakini hizo karoti zimemkosea nini huyo Mkuu?

Nina ombi. Rangi ikitoka, nitilie kitambaa cha kichwa. Zambarau ya kweli, si ile ya dukani inayokimbia mara ya kwanza ikiona maji. Kuna harusi Mei, Jumamosi ya tatu. Usiniulize ya nani. Jina la Maswali nilikupa mimi na najua kwa nini nilikupa, ila safari hii kunja maswali yako uyaweke kabatini.

Vaa kitu kifuani, dirisha hilo litakuua.

Shangazi yako


Tarehe 22 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimerudi, usiseme ulisema.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Harusi ya nani? Nasema mapema na kwa heshima zote: kama umenitafutia mtu, mrudishe ulikomtoa. Na kama ni mtoto wa meneja wa benki, nimezifahamu soksi za ukoo ule tangu utotoni. Haiwezekani.

Huku mambo yamekuwa makubwa. Ofisi ya juu ilisikia kuhusu Kamati ya Mateso ikashtuka, si kwa mateso, bali kwa kuwa hakuna kamati ya upande wa pili. Haki lazima isimame kwa miguu miwili. Ikaamriwa iwepo Kamati ya Ustawi wa Seli. Mwenyekiti wake awe mtu anayezijua chupa kwa karibu. Anayezijua ni mimi. Nikasema mimi tayari ni katibu wa Mateso. Mkuu akasema, "Ndiyo maana utakuwa na picha kamili." Kisha mwenyekiti wa Mateso akahamishiwa kwenye uyoga, nikapandishwa cheo. Kwa hiyo sasa mimi ni mwenyekiti wa kamati zote mbili, na imetolewa kanuni: hakuna mtu kugusa chupa, taa wala jokofu linalopoza chumba bila idhini ya wenyeviti wote wawili.

Asubuhi najiandikia barua ya kutaka naitrojeni ipunguzwe. Mchana naipokea, naisoma, nasikitishwa na lugha iliyotumika, najijibu. Juzi nilijinyima nafasi ya kujieleza. Fundi wa majokofu, mtu mpole, aliniona nahama kutoka kiti kimoja kwenda kingine akaniuliza, "Dada, sasa hivi nikikusalimu namsalimu nani?" Nikamwambia arudi baada ya kikao.

Jambo moja tu ambalo kamati zote mbili zimeafikiana ni sukari. Ustawi inaiona zawadi, Mateso inaiona adhabu. Ikapita bila kupingwa.

Sasa lile swali langu.

Nilikuwa nikiandika ukutani masharti mapya ya chupa. Sukari: nyingi. Kijenga mwili: kidogo sana. Ubaridi. Taa: isizimwe. Nikarudi nyuma niyasome, nikahisi mahali hapo nimeshawahi kuishi. Shangazi, ni nyumbani kwako. Baba alipofariki ukanichukua, chai yako ilikuwa tamu kijiko kinasimama, na nyama tuliijua kwa harufu ya kwa jirani. Wewe yako uliinywa bila sukari, ukisema inakuuma meno. Niliogea maji ya baridi hata nikiwa na homa. Nililala chumba cha pasi, taa inaniwakia usoni. Nikatoka hapo wa kwanza darasani, mkali, mkimya, na mpaka leo gizani sipati usingizi. Hata watu wa huku husema nina rangi yangu peke yangu, nao hawasemi kwa kunisifu.

Ulikusudia? Kulikuwa na mpango?

Nauliza kwa sababu nikisimama mbele ya chupa kuzinyima, mkono unakataa. Nikijua wewe ulinipangia hivyo na nikawa huyu niliye, nitaweza. Nikijua hukupanga, sijui. Nijibu, tafadhali. Usiniletee habari za soksi.

Bintiyo,
Maswali


Tarehe 18 Machi

Maswali,

Marahaba. Jua la huku linakausha nguo kabla hazijaanikwa. Meneja wa benki amenunua soksi mpya. Nimekuletea habari za soksi, ulikataza wewe, mimi sikuahidi.

Nani kakwambia harusi ni yako? Nani akuoe wewe, mtu unayejiandikia barua na kujijibu kwa hasira? Utamfanya mume mjumbe wa kawaida asiye na kura. Tulia. Si yako.

Hayo mateso yenu nimeyajaribu. Usiniulize kwa nini. Nilichukua shati la fundi saa nikalitia wanga mpaka likasimama lenyewe sakafuni, kola imeangalia mlango kama inamsubiri mtu. Nikasema ngoja tuone huyu mtu ana rangi gani akibanwa. Akaja amechelewa, akalivaa palepale. Akaondoka anatembea kama kabati linahamishwa. Kesho yake nikamwuliza, "Vipi shati?" Akasema, "Mama, jana nilikaa wima mpaka nikaona vilivyo juu ya rafu yangu. Kulikuwa na saa niliyoitafuta tangu mwaka juzi. Nashukuru."

Basi nikageuza. Nikalifua kwa mkono, nikalilainisha, nikatia manukato kidogo, yale ninayowatilia mabibi harusi. Akalipokea, akalinusa, masikio yakamwiva kama nyanya sokoni. Akasahau kulipa, akasahau kofia, akarudia kofia akasahau shati. Waambie kamati yako. Kuna mimea inatoa rangi ukiipapasa.

Swali lako nimeliona. Nimeliloweka. Mtoto wa dobi unajua kwamba kuna kitu ukikisugua siku ileile unakiharibu.

Shangazi yako


Tarehe 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kila mtu huku mzima. Mama mwenye nyumba sasa ana foleni ya magoti ngazini, ameweka benchi.

Hukunijibu. Niliandika barua ya hasira, nikaichana, kisha nikaona haya kwa karatasi. Naandika hii taratibu.

Chupa bado nyeupe. Ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba nimekuwa nikizilisha. Kamati ya Mateso inapitisha zinyimwe, naandika zimenyimwa, kisha natia chakula safi kama mwenyekiti wa Ustawi, bila idhini ya mwenyekiti mwenza ambaye ni mimi. Nilidhani siri itakaa. Lakini Mkuu aliziona zimenona, akasema, "Hizi seli zina uso wa mtu anayekula kwa siri," akaamuru uchunguzi. Mchunguzi awe mwenyekiti wa Mateso. Mtuhumiwa, mwenyekiti wa Ustawi.

Kikao kilifanyika Alhamisi. Niliulizwa kama ni kweli nimezilisha. Nilihama kiti nikajibu ni kweli. Nilirudi kwenye kiti cha kwanza nikauliza kwa nini. Nilipohama tena nikashindwa kujibu, na Mkuu, ambaye alikuja kusikiliza, akasema, "Mwacheni, amechoka, mnamkaba mno." Nilipewa onyo. Nikajiuzulu Ustawi, na barua yangu ya kujiuzulu ikahitaji idhini ya wenyeviti wote wawili. Mwenyekiti wa Ustawi alikubali. Wa Mateso alikataa. Nadhani alinifanyia makusudi.

Unacheka, najua. Nami nacheka nikiwa njiani. Nikifika chumbani siwezi. Wafadhili wanakuja Jumatano, siku chache tu baada ya hiyo harusi yako, na sina kitu cha kuwaonyesha isipokuwa chupa za maziwa yasiyo ya ng'ombe. Zisipogeuka, nimekwisha. Nikiondoka hata siku moja, hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuzigusa. Kwa hiyo siji, Shangazi. Mwambie anayeoa, yeyote yule, nampongeza. Kitambaa sina, zambarau sina.

Najua umeliloweka. Lakini hata dobi ana siku ya kusuuza.

Maswali


Tarehe 29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Harusi ni yangu. Naolewa na fundi saa. Sikukwambia kwa sababu niliona haya. Umri huu mtu hatangazi, anatangaziwa na wengine, na wengine wangu ni wewe.

Nguo nimeshona nyeupe. Kichwani nitafunga chochote. Usipokuja nitaelewa, lakini sitaelewa vizuri.

Shangazi yako


Tarehe 6 Juni

Shangazi yangu, bibi harusi,

Shikamoo wewe, na shikamoo kwa fundi saa, ambaye sijui bado nimwiteje. "Baba" halinitoki bado, na "mjomba" si sahihi. Nimwite Bwana Shangazi mpaka tupate kikao.

Nilirudi salama. Samahani niliondoka asubuhi ile bila kuaga ipasavyo, basi halikusubiri. Bado nacheka peke yangu nikikumbuka watu wote wamekaa, wewe umekaa, na bwana harusi hayupo. Kila mtu anahangaika isipokuwa wewe, unaangalia kucha. Halafu anaingia amevaa saa mikono yote miwili, anasema, "Zote zilisema bado." Nilikuona ulivyomwangalia. Sijawahi kukuona hivyo. Kumbe una rangi hiyo, na mimi nimeishi nawe miaka yote ile bila kuijua.

Sikukuuliza. Nilitaka, mkawa mnapigwa picha. Kisha ukaja mwenyewe na sahani ukanipakulia nyama, ukaongeza, ukaongeza tena, mpaka nikawa sikuoni ng'ambo ya sahani. Nilijua hilo ni jibu. Sikujua linasema nini. Nikala yote.

Sasa sikiliza. Niliondoka bila kumwambia mtu, maana wa kumwambia ni mimi. Huku nyuma chakula kwenye chupa kikaisha, hakuna wa kukibadilisha. Sukari tu ndiyo iliyobaki, ile iliyopita bila kupingwa. Jokofu likakwama kwenye ubaridi. Fundi wa majokofu alitaka kulirekebisha, akaambiwa apate idhini ya wenyeviti wote wawili, akatafuta wenyeviti, wote wawili walikuwa kwenye harusi yako wanakula nyama. Taa ikawaka usiku na mchana kwa sababu hakuna kamati iliyopitisha izimwe. Nilipofungua mlango nilidhani nimekosea chumba.

Zambarau, Shangazi! Chupa zote. Zambarau ya jioni kabla mvua haijanyesha. Nilikaa sakafuni nikaziangalia zikitikisika. Nililia, na sijui nililia kwa kamati ipi.

Wafadhili walikuja, wakapiga makofi, mmoja akataka kuonja. Mkuu aliwaeleza kwamba ni matunda ya ushirikiano mwema kati ya Mateso na Ustawi. Watu wa uyoga wamebaki kwao. Mkataba wangu umeongezwa, na imeundwa Kamati ya Uratibu ili kusuluhisha hizo mbili. Mwenyekiti unamjua.

Nilijaribu kumwambia Mkuu ukweli, kwamba hakuna aliyepanga, zilitelekezwa tu. Akanitazama kwa huruma akasema, "Binti, kutelekeza vizuri nako kunahitaji uongozi." Nimelibeba neno hilo tangu siku hiyo na linanichoma, kwa sababu ya lile swali langu. Sitaliuliza tena. Ukiamua kulisuuza, lisuuze. Ukiamua kulitupa, nitajifunza kukaa bila kujua.

Kitambaa chako hiki hapa, kimechelewa kama mumeo. Nimekitia rangi mwenyewe kutoka kwenye chupa za kwanza. Tafadhali, tafadhali, usikifue kwa sabuni. Rangi hii ni ya ajabu: ikikutana na ndimu inakuwa nyekundu, ikikutana na sabuni inageuka. Maji ya baridi tu, na tone la ndimu. Nimeiweka barua hii chini ya kitambaa, ndani kabisa, isilowe safari hii.

Bintiyo,
Maswali


Tarehe 30 Juni

Maswali, mwanangu,

Marahaba, na mume wangu anasema marahaba pia. Neno hilo "mume wangu" naliandika polepole, kalamu bado haijalizoea. Amekubali kuitwa Bwana Shangazi. Amehamia na saa zake zote. Nyumba inapiga saa sita tangu asubuhi mpaka jioni, na chakula tunakula saa yoyote ikisema. Mama Pacha amekuja kulalamika, akapewa saa, akaondoka. Mashine ya kufulia imeacha kutembea. Anasema ilikuwa inatafuta saa.

Kitambaa kilifika. Nilikitoa kwenye bahasha, nikakikunjua mlangoni penye mwanga, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii niliona doa nisilotaka litoke. Nikakiweka shavuni. Halafu nikakifua.

Usipige kelele. Barua yako ilikuwa chini, ndani kabisa, isilowe. Mimi kitu kilichotoka safari siwezi kukitia kichwani hakijaona sabuni. Mkono ulikwenda wenyewe. Kikabadilika ndani ya beseni nakiangalia. Kikawa buluu, kisha kijani cha shingo ya bata. Nikakaa kwenye kigoda nikasema nimemwua mtoto wa mtu. Bwana Shangazi akaja akakitazama akasema, "Kizuri. Hivi ndivyo alivyokutumia?" Nikasema ndivyo. Nakivaa kila siku. Watu wananiuliza nimeipata wapi rangi hiyo, nawajibu mwanangu anaitengeneza, na kwamba nimeimalizia mimi.

Sasa swali lako. Nilikawia, si kwa sababu sikuwa na jibu, ila kwa sababu jibu ni dogo, nikaogopa utaona nimekuficha kubwa.

Umezitazama chupa zako ukaniona mimi nimesimama pembeni na kalamu, nakupangia. Nimelisoma hilo nikajisikia mtu mkubwa kwa siku moja. Kesho yake nikaona aibu. Nyama sikukunyima. Haikuwepo, ingekuwepo ungekula mpaka usinione ng'ambo ya sahani. Maji yalikuwa ya baridi kwa sababu moto wote ulikwenda kwenye pasi. Taa ilikuwa ya kazi. Nilikulaza chumba kile kwa sababu ndipo palipokuwa na joto, na kwa sababu baba yako alifariki usiku pasipo mtu kumwona, nami nilitaka nikiinua macho kwenye pasi nione kifua chako kinapanda na kushuka.

Usinipe kamati, mwanangu. Hakukuwa na kikao. Hakuna aliyekupangia, na hakuna aliyekutelekeza pia, hata mara moja, na hapo huyo Mkuu wako amekosea. Ukali wako ni wako. Ukimya ni wa baba yako. Usiku zima taa, ujaribu.

Sukari ndiyo kitu kilichokuwepo, na haikuwa nyingi kama unavyokumbuka. Ilikuwa ya kikombe kimoja. Nikakutilia wewe yote.

Meno yangu, kwa taarifa yako, hayajawahi kuniuma.

Shangazi yako